MNYONGE MNYONGENI, ALAMA YAKE MSIIFUTE!

Ndugu msomaji, najua ukisikia neno tenisi unatabasamu kwa dharau. Unasema huo ni mchezo wa vigogo na watoto wa geti kali, watu wa kaptula nyeupe wanaorushiana kimpira juu ya neti huku watazamaji wamenyamaza utadhani wako msibani. Sikulaumu. Mimi niliyemaliza kidato cha nne katika shule iliyokuwa na mpira mmoja tu wa miguu, tena ulioshonwa mara tatu, raketi niliiona kwanza gazetini.

Lakini tusidanganyane. Pita leo kijiwe chochote cha Dar es Salaam saa nane za usiku, wakati ligi zote za soka za Ulaya zimeshalala, uone vijana walivyoinamia simu zao. Wanatazama nini? Tenisi! Mtu hajui mchezaji ametoka nchi gani, hajui hata kama jina lile ni la kaka au la dada, lakini kodi ya chumba ameiweka kwenye mkeka. Jirani yangu mmoja, fundi pikipiki, aliweka shilingi 60,000 baada ya kuambiwa na wenzake kwamba ile ilikuwa "mechi ya uhakika". Asubuhi alikuwa anatokea dirishani ili asikutane na mwenye nyumba. Nilipomuuliza ni nani aliyeamua mechi ile, alinitazama kama mwendawazimu.

"Si refa?" akasema.

Refa gani? Hajui. Ameketi wapi, anaulizwa na nani, akikosea anafanywa nini? Hajui. Lakini 60,000 zake zimekwenda na maji.

Basi leo, kwa hisani yako, tuzungumze habari za huyo refa. Na nianze na kisa kilichotokea Julai 2023 katika jiji la Budapest, Hungaria.

Siku hiyo Zhang Shuai, mwanadada wa Kichina mwenye umri wa miaka 34, alikuwa anacheza na Amarissa Tóth, binti wa miaka 20, mwenyeji wa hapohapo Hungaria. Uwanja ulikuwa wa udongo, ule unga mwekundu wa matofali yaliyosagwa. Uzuri wa uwanja wa namna hiyo ni kwamba mpira ukitua unaacha alama, kama nyayo za mwizi kwenye mchanga. Seti ya kwanza walikuwa wamefungana 5-5. Zhang akapiga mpira, ukagusa mstari. Wakasema nje! Refa akateremka kwenye kiti chake kirefu, akaitazama alama, naye akasema nje. Zhang hakutukana mtu. Alichoomba ni kwamba aitwe msimamizi wa mashindano, na akasihi kwamba ile alama ibaki pale pale ilipo.

Unajua Tóth alifanya nini? Alikwenda hadi kwenye alama, akaifuta kwa kiatu!

Zhang akalia mbele ya umati, halafu akaacha mchezo. Tóth akanyanyua mikono juu kushangilia ushindi. Baadaye dunia ilipomjia juu aliomba radhi, na mimi simtaki mtoto wa watu aandamwe maisha yake yote. Lakini kile kiatu chake, msomaji wangu, kimenifundisha zaidi ya vitabu vya shule. Asiyekuwa na wasiwasi na haki yake hafuti alama. Anaiacha, anawaita watu waje waitazame.

Ndiyo hoja yangu leo. Haki uwanjani haisimami kwa sababu refa ni malaika, maana malaika hawajawahi kuajiriwa kazi hiyo. Inasimama pale alama inapobaki ili wote waione, pale aliyeonewa anaporuhusiwa kuuliza, na pale fimbo inapokuwa moja kwa mkubwa na mdogo. Kikikosekana kimoja tu, yanayobaki ni mizengwe.

Tuchukue hilo la kuuliza. Zamani katika tenisi refa wa kitini alikuwa kama chifu. Akishasema amesema. Pembeni walikuwapo waamuzi wa mistari, kazi yao kupiga kelele mpira ukitoka, lakini refa akitaka anawatengua. Sasa rudi nami Septemba 2004, New York, robo fainali ya mashindano ya US Open. Serena Williams anacheza na Jennifer Capriati, Wamarekani wote wawili. Seti ya tatu, gemu ya kwanza. Serena anapiga mpira wa mkono wa nyuma, unatua ndani, mwamuzi wa mstari ametulia kwa sababu ameuona uko ndani. Refa wa kitini, Mariana Alves kutoka Ureno, anatengua. Anasema nje, pointi ya Capriati!

Serena alikwenda kulalamika, akarudi mikono mitupu. Nyumbani, mtu aliyekaa kwenye kochi na bia yake alikuwa ameshaonyeshwa picha za marudio mara kadhaa na kuona kwamba mpira ulikuwa ndani kabisa. Yaani dunia nzima ilikuwa na ushahidi isipokuwa hakimu! Mechi ikaendelea, makosa mengine yakafuata, Capriati akashinda 2-6, 6-4, 6-4. Wakubwa wa mashindano wakamwomba Serena radhi, na refa yule hakupangiwa mechi nyingine katika mashindano yale. Lakini radhi haikumrudisha Serena robo fainali. Radhi ni kama pole ya msibani, haifufui.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukishike. Aibu ile ilisukuma wenye tenisi wakubali mtambo uitwao Hawk-Eye, yaani jicho la mwewe, uliobuniwa na Mwingereza Paul Hawkins. Kamera nyingi zinaufuata mpira, kompyuta inachora ulikotua. Mwaka 2006 ukaanza kutumika rasmi, na Agosti mwaka huo US Open ikawa ya kwanza kuutumia kati ya yale mashindano manne makubwa ya dunia.

Lakini usidhani mtambo wenyewe ndio uliokuwa mapinduzi. Mapinduzi yalikuwa kwamba mchezaji alipewa RUKSA ya kupinga. Ananyanyua mkono, anasema naomba tutazame. Picha inaonyeshwa kwenye televisheni kubwa, uwanja mzima unapiga makofi, mpira unatua mbele ya macho ya kila mtu. Kama refa alikosea, uamuzi unafutwa papo hapo, na refa hafi. Mwanzoni ukikosea mara mbili katika seti moja unapoteza haki ya kupinga, baadaye zikawa mara tatu. Kwa hiyo mropokaji naye alidhibitiwa. Hii ndiyo maana ya nguvu ya hoja, si hoja ya nguvu!

Wapo watakaoniambia kwamba kuuliza-uliza kunavunja heshima ya refa. Hao wanachanganya kuuliza na kutukana. Mwaka 1995 pale Wimbledon, Mmarekani Jeff Tarango alimwita refa Bruno Rebeuh, Mfaransa, mla rushwa mbele ya watu wote, akafungasha raketi zake na kuondoka kabla mechi haijaisha. Mkewe naye akaenda kumzaba refa kibao. Ushahidi wa rushwa hiyo uko wapi? Haukuthibitishwa. Tarango akatozwa faini, akafungiwa asicheze Wimbledon mwaka uliofuata, na mimi nasema alistahili. Zhang alikuwa na alama ardhini, akaomba itazamwe. Tarango alikuwa na hasira tu. Lakini kumbuka kwamba pale Wimbledon mwaka 1995 mchezaji hakuwa na njia ya kupinga uamuzi kwa ushahidi. Ukiwafungia watu mlango wa kuuliza, watatokea wa kubomoa ukuta.

Sasa hapa ndipo penye utata mpya. Wakubwa wameona mtambo ni mtamu, wakasema kwa nini tuhangaike na binadamu? Katika mashindano mengi makubwa waamuzi wa mistari wameondolewa, mashine inaita yenyewe kwa sauti iliyorekodiwa. Mwaka 2025 hata Wimbledon, wanaoabudu mila kuliko wote, wakawaaga waamuzi wao wa mistari baada ya miaka 147. Na mashine ikishaita yenyewe, ile ruksa ya mchezaji kupinga nayo imekwisha. Unampinga nani?

Hawakumaliza hata wiki moja. Tarehe 6 Julai 2025, Mrusi Anastasia Pavlyuchenkova alikuwa anacheza na Sonay Kartal, Mwingereza, mwenyeji. Seti ya kwanza, 4-4, Pavlyuchenkova anahitaji pointi moja tu achukue gemu. Kartal akapiga mpira ukatua nje, tena nje ya wazi, mashine ikakaa kimya. Refa akasimamisha mchezo, akanyanyua simu. Kumbe upande ule wa uwanja mashine ilikuwa imezimwa! Nani kaizima? Binadamu, kwa makosa, ndivyo klabu yenyewe ilivyokiri baadaye ikiomba radhi. Refa akaamuru pointi irudiwe. Pavlyuchenkova akaipoteza, kisha akapoteza na gemu. Akamwambia refa waziwazi kwamba wamemwibia gemu. Bahati yake alikuwa fundi, akashinda mechi 7-6, 6-4. Angeshindwa je?

Tazama ubishi wa mambo. Televisheni iliona mpira uko nje. Lakini kwa sababu kazi ya kuona ilishakabidhiwa mashine, na mashine imelala, basi mpira ukawa kama haujatua mahali popote.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Aprili 2025, mjini Madrid, Mjerumani Alexander Zverev alikuwa anacheza kwenye udongo. Mashine ikasema mpira wa mpinzani uko ndani. Zverev akaitazama alama kwenye udongo, akaona uko nje. Akamwomba refa ateremke aitazame. Refa hakuteremka, kwa sababu utaratibu mpya unasema alama haina kauli mbele ya mashine. Zverev akaenda kwenye mfuko wake, akatoa simu, akaipiga picha ile alama. Akapewa onyo la utovu wa nidhamu!

Msomaji, mimi si fundi wa mitambo. Inawezekana mashine ilikuwa sahihi na alama ilimdanganya Zverev, maana mpira unaweza kuburuza udongo. Sigombani na mashine. Ninachogombania ni onyo. Yule wa Budapest alifuta alama, mechi ikaendelea. Huyu wa Madrid kapiga picha alama, kaadhibiwa. Tangu lini kutunza ushahidi kukawa utovu wa nidhamu?

Tuje sasa kwenye fimbo moja. Tenisi ina sheria ya ngazi: kosa la kwanza onyo, la pili unanyang'anywa pointi, la tatu adhabu kubwa zaidi. Na nisiwe mchoyo, ipo siku fimbo hiyo imewapata wakubwa. Mwaka 1990 katika mashindano ya Australia, John McEnroe, bingwa wa kupayuka, alitolewa nje akicheza na Mikael Pernfors wa Sweden. Alimtisha mwamuzi wa mstari, akavunja raketi, akatukana. Alidhani bado ana nafasi moja, kumbe ngazi za sheria zilishapunguzwa na yeye hakusoma. Septemba 2020 pale New York, Novak Djokovic, namba moja wa dunia, alipiga mpira kwa hasira bila kutazama ukamkuta mwamuzi wa mstari, mwanamama, kooni. Hakukusudia. Lakini sheria haikuuliza jina lake, akatolewa mashindanoni. Hapo niliwavulia kofia.

Lakini mkuki kwa nguruwe. Septemba 2018, fainali ya US Open, Serena Williams na Naomi Osaka wa Japani. Refa Carlos Ramos alimpa Serena onyo kwa sababu kocha wake alimfanyia ishara kutoka jukwaani. Serena akaapa kwamba hajawahi kudanganya ili ashinde. Baadaye akavunja raketi, ikawa kosa la pili, pointi ikaenda. Akamwita refa mwizi, ikawa kosa la tatu, akanyang'anywa gemu nzima, matokeo yakawa 5-3 kwa Osaka. Osaka akashinda 6-2, 6-4 na kupokea kombe huku analia, watazamaji wanazomea. Serena akatozwa faini ya dola 17,000.

Je, Serena alikosea? Alikosea. Kocha wake mwenyewe alikiri kwamba alitoa ishara. Refa alisoma kitabu kama kilivyoandikwa. Lakini kocha huyo huyo akasema jambo lililokuwa linajulikana na kila mtu, kwamba makocha wote hufanya hivyo. Hapo ndipo penye ugonjwa. Sheria inayovunjwa na wote kila siku, halafu ikamwangukia mmoja katika siku kubwa ya maisha yake, hiyo inaitwa mtego. Na uchungu zaidi ni huu: wanaume wakaanza majaribio ya kuruhusu kocha azungumze kutoka jukwaani mwaka 2022, na kuanzia 1 Januari 2025 jambo hilo likaandikwa rasmi kwenye sheria za tenisi. Kosa la mwaka 2018 leo ni ruksa! Kama ilikuwa sheria mbaya, ingefutwa mapema. Kama ilikuwa nzuri, ingemkamata kila mmoja tangu mwanzo.

Kwenye dawa zilizopigwa marufuku ndiko fimbo inakoonekana ina urefu tofauti. Machi 2024 Jannik Sinner wa Italia alipimwa mara mbili akakutwa na clostebol. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu wake wa kumchua misuli alijipaka dawa yenye kitu hicho kidoleni, kikamwingia. Kiasi kilikuwa kidogo mno, na jopo huru lilikubali maelezo yake. Lakini dunia iliambiwa lini? Agosti! Muda wote huo alikuwa anacheza, kwa sababu rufaa yake ya haraka ilikubaliwa. Shirika la dunia la kupambana na dawa hizo likakata rufaa, na Februari 2025 pande mbili zikaelewana afungiwe miezi mitatu, tangu 9 Februari hadi 4 Mei. Hesabu mwenyewe: Australia alikwishabeba kombe Januari, Ufaransa inaanza mwishoni mwa Mei. Hakukosa hata moja ya yale makubwa manne. Akarudi Mei kwao Italia akapokewa kama bwana harusi.

Mweke pembeni Simona Halep wa Romania, naye bingwa wa Wimbledon. Alikutwa na dawa iitwayo roxadustat mwaka 2022, akasimamishwa Oktoba mwaka huo. Akakaa. Septemba 2023 akahukumiwa miaka minne. Akakata rufaa, na Machi 2024 mahakama ya michezo ikapunguza adhabu ikawa miezi tisa. Miezi tisa! Lakini alikuwa ameshakaa nje takriban miezi 17 akisubiri. Februari 2025 akaacha tenisi kabisa, mwili haukukubali tena.

Sisemi kesi zao ni sawa. Dawa ni tofauti, maelezo ni tofauti, na sheria inaruhusu mwenye maelezo ya haraka kusikilizwa haraka. Lakini maelezo ya haraka yanahitaji mawakili wa haraka, wataalamu wa haraka, na mshiko wa haraka. Halep mwenyewe aliuliza hadharani kwa nini kuna tofauti kubwa hivyo, na tena yeye ni tajiri. Je, yule namba 400 wa dunia, anayelala chumba kimoja na wenzake watatu ili apunguze gharama, atampata wapi wakili?

Na hapo ndipo ninaporudi kwako wewe, ndugu yangu wa mkeka wa saa nane za usiku. Kaa sawa.

Mwaka 2012 Shirikisho la Tenisi la Kimataifa liliingia mkataba wa dola milioni 70 na kampuni ya takwimu ya Sportradar kuuza matokeo ya papo kwa papo ya mechi zake, hata zile za vichochoroni zisizo na televisheni. Nani anayeyatuma matokeo hayo? Refa wa kitini, kwa kubonyeza kifaa alichoshika. Kila pointi anabonyeza, na kampuni za kamari duniani zinabadilisha bei kulingana na alichobonyeza. Sasa tuseme refa kapewa kitu kidogo. Pointi imeshachezwa, yeye anachelewa kubonyeza. Sekunde chache, wakati mwingine hata dakika nzima. Mwenzake aliyeko uwanjani ameshaona nani kashinda pointi, anaweka pesa kwa bei ya zamani. Wewe uliyeko Mwananyamala unaweka pesa juu ya jambo ambalo limeshatokea, na hujui!

Sijatunga. Februari 2016 gazeti la Guardian la Uingereza lilifichua kwamba waamuzi wawili, wa Kazakhstan na Croatia, walikuwa wamefungiwa kimyakimya, na wengine wa Kazakhstan, Uturuki na Ukraine walikuwa wanachunguzwa kwa tuhuma za mchezo huo wa kuchelewesha. Yule wa Kazakhstan alifungiwa maisha tangu Februari 2015, mwaka mzima bila umma kuambiwa. Funika kombe mwanaharamu apite! Anayeshika kalamu ya matokeo anachelewesha kutangaza huku watu wake wanafanya biashara pembeni, na wakubwa wakigundua wanakaa kimya. Msomaji, ukianza kufikiria mambo mengine, shauri yako. Mimi nazungumzia tenisi.

Na wachezaji? Mwenye njaa hana miiko. Jopo huru lililochunguza tenisi lilisema mwaka 2018 kwamba kati ya watu wapatao 15,000 wanaohesabiwa kuwa wachezaji wa kulipwa, ni 250 hadi 350 tu wa juu wanaopata pesa ya kurudisha gharama zao. Waliobaki wanacheza kwa hasara. Yapo mashindano ambayo zawadi yake yote, ya wiki nzima kwa wachezaji wote, ni dola 15,000. Mtu wa namna hiyo akijiwa usiku na kuambiwa apoteze seti moja tu, si mechi, apewe dola elfu kadhaa, unadhani atasema nini? Penye udhia penyeza rupia. Ndivyo alivyofanya Grigor Sargsyan, kijana Mwarmenia aliyeishi Ubelgiji na kujiita Maestro. Uchunguzi ulimhusisha na wachezaji zaidi ya 180, na mwaka 2023 mahakama ya Ubelgiji ikampa kifungo cha miaka mitano.

Zaidi ya 180! Na jirani yangu anaambiwa ni mechi ya uhakika. Uhakika kwa nani?

Jopo hilohilo lilipendekeza kwamba matokeo ya papo kwa papo ya mechi za daraja la chini kabisa yasiuzwe tena. Lakini kumwambia mwenye duka afunge duka lake ni kumpa ngedere kesi ya nyani. Biashara ya kuuza matokeo haikufa.

Usidhani nakwambia kwamba dunia yote imeoza. Msema kweli mpenzi wa Mungu, na wapo waliosema kweli ikawagharimu. Mei 2005, mjini Roma, Mmarekani Andy Roddick alikuwa anahitaji pointi moja tu kumfunga Mhispania Fernando Verdasco. Verdasco akaanzisha mpira wa pili, mwamuzi akaita nje. Mechi imekwisha! Watu wameshaanza kusimama. Roddick akatazama alama kwenye udongo, akamwambia refa kwamba mpira ulikuwa ndani, akamwonyesha. Mchezo ukaendelea, Verdasco akafufuka, akashinda seti hiyo na iliyofuata. Roddick akafungasha akaenda zake.

Na mwaka 1982, nusu fainali Paris, Mats Wilander wa Sweden, kijana wa miaka 17, alitangazwa mshindi dhidi ya José Luis Clerc wa Argentina kwa mpira ulioitwa nje. Akakataa. Akamwambia refa kwamba hawezi kushinda hivyo, pointi irudiwe. Ikarudiwa, akashinda kwa haki, na siku chache baadaye akabeba kombe. Umri wa miaka 17!

Watu hao nawaheshimu. Lakini sitaki haki yangu itegemee bahati ya kukutana na Wilander. Siku nyingine utakutana na kiatu cha Budapest. Ndiyo maana nasema alama ilindwe kwa sheria, si kwa hisani. Mashine ibaki, maana inaona kuliko macho, lakini mchezaji arudishiwe ruksa ya kusema naomba tutazame, na kila mtu aonyeshwe. Refa akifungiwa, jina na kosa litangazwe siku hiyohiyo. Na kesi ya dawa ya namba moja na ya namba 400 zihesabiwe kwa kalenda moja.

Wewe nawe, kijana mwenzangu, una sehemu yako. Kwanza, hiyo mechi ya saa nane za usiku katika mji usioweza kuutamka, kati ya watu wawili wasio na nauli ya kurudi kwao, iache. Lipa kodi ya chumba. Pili, Jumapili ukishika filimbi kwenye ndondo ya mtaani, au ukiwa nahodha, au hata ukihesabu michango ya msiba kijiweni, mtu akikuomba atazame alama, usimwite mkorofi. Mwachie aitazame.

Ukiona mguu wako unawasha kuifuta, ujue huo mpira ulikuwa ndani.